Nusu Mzunguko

Mwalimu Ndeoya alilileta Jumanne, polepole, akilibembeleza,
gari la milango miwili, jekundu kama buni iliyoiva,
paa lake la turubai limeshonwa mara tatu
na fundi viatu wa Kiboriloni.
"Nikishuka Kibosho," akasema,
"mkia unataka kunitangulia."

Sikucheka.
Niliwahi kuona gari lililotanguliwa na mkia wake:
liligeuka, likatazama lilikotoka,
kisha likaingia migombani kinyumenyume.

Nikalala chali juu ya gunia la sukari.
Juu ya pua yangu masta mbili, pacha,
moja inalisha mbele, moja inalisha nyuma,
na kati yao kijiti cha chuma, unene wa kidole gumba,
kinachoupokea mguu wa dereva na kuugawa.
Aliyekishika kabla yangu alikiweka katikati kabisa,
nusu kwa nusu,
kama mtu anayekata mkate mbele ya watoto wanaolia.

Ni haki, lakini ya kwenye karatasi.
Ukikanyaga, uzito wote unakimbilia mbele
kama washarika baada ya baraka,
wanaouwahi mnada wa ndizi nje ya kanisa.
Nyuma hubaki viti
na mhasibu anayehesabu sarafu.
Gurudumu lisilobeba kitu huganda upesi,
na likishaganda halijui tena kushoto wala kulia.

Spana za milimita zilicheza tu kwenye nati.
Nikamtuma Kundaeli kwa Mzee Mlaki, aliyekuwa karakana ya reli.
Akarudi na spana ya nusu inchi, imefungwa kwenye kitambaa,
na salamu: irudi kabla jua halijazama.

Tukaenda njia ya TPC, pale inaponyooka,
miwa huku, miwa huku.
Kundaeli akachora kila tairi mstari wa chaki
toka kitovuni hadi ukingoni,
akalala kando ya mfereji, macho usawa wa lami.
Mimi usukani. Mwalimu pembeni, kofia mapajani.

Sitini. Kanyaga.
"Nyuma!" akapaza Kundaeli.
Nusu mzunguko. Sitini. Kanyaga.
"Nyuma bado!"
Robo.
"Zote! Zote pamoja!"

Mwalimu akapiga makofi. "Basi, hapo hapo."
Hapana, Mwalimu.
Hapo ni leo, tangi limejaa, njia imelala.
Siku tangi likiwa tupu na barabara inashuka,
nyuma kutakuwa kwepesi kama sanduku la maua makavu.

Baba alituachia gereji hii nusu kwa nusu,
mimi na Elinisafi, kwa hati, mbele ya mashahidi.
Kila mmoja alikanyaga kwa haki yake, na kwa wakati wake.
Siku hizi anauza matairi Tunduma.
Krismasi hunitumia ujumbe, ule ule anaowatumia wateja.

Robo tena, nyembamba, karibu nione aibu kuiita robo.
Sitini. Kanyaga.
Mbele kukalia, *kwii*, mara moja,
na gari likaenda mbele tu, jinga na aminifu,
harufu ya mpira ikatupita dirishani.
"Mbele!" akasema Kundaeli, kwa sauti ya kawaida,
kama mtu aliyetajiwa bei anayoijua.

"Na mbele ikiganda?" Mwalimu akauliza.
Utakwenda kule kule unakotazama.
"Hata mferejini?"
Hata mferejini. Ila utauona ukija.

Nikakaza nati ya kufungia,
nikaitia tone la rangi ya kucha, ya zambarau, ndiyo niliyokuwa nayo,
ili atakayeigusa nijue.
Mwalimu alihesabu noti mara mbili,
akaongeza elfu mbili za chaki.

Kundaeli alikuwa anafuta tairi kwa mkono wa shati
nilipohisi kitu kizito mfukoni.
Spana ya Mzee Mlaki.
Na jua, nani alilitazama,
lilikuwa limeshazama nyuma ya miwa.